Dawa Iliyoua Dawa

Nyundo ilishuka.

Nyinyi mliokaa roho juu tangu Jumamosi iliyopita, pumueni kidogo: haikutua kichwani mwa Ravneet. Mwanamke huyo, mwenye duka la dawa pale Ngara, aliinama ghafla na chuma kikapita juu ya nywele zake, kikapasua kabati la kioo lililokuwa nyuma yake. Chupa za dawa ya kikohozi ziliporomoka sakafuni. Kipande cha kioo kilimchana paji la uso, na damu ikamwagikia jicho la kushoto.

Kiragu aliinua nyundo tena.

"Umemuua mke wangu!" alinguruma. "Umemuuzia chokaa! Umemuuzia unga!"

"Mimi siuzi feki! Mke wako ni nani? Niambie jina!"

"Wangeci! Wangeci wa Kilimani! Kila mara ananunua kwako, na wewe unamchekea!"

Ravneet alimjua. Alimjua vizuri sana.

Kiragu si jambazi. Ni fundi wa kunyoosha bodi za magari, mwenye gereji yake kando ya Barabara ya Ngong, na nyundo aliyoshika ndiyo inayomlisha. Ana mke mmoja na binti mmoja, Ciru. Siku ya kumzaa Ciru, mfuko wa uzazi wa Wangeci ulichanika. Madaktari waliushona, kisha wakamwambia Kiragu bila kuzunguka: mimba nyingine inaweza kumuua. Tangu hapo Wangeci alimeza kidonge cha kupanga uzazi kila asubuhi, mumewe akimtazama. Vidonge hivyo vilitoka kwa Ravneet.

Na asubuhi hii Wangeci alianguka bafuni akivuja damu. Hospitali moja ya Hurlingham ilimpiga picha ya tumbo. Ana mimba. Tena mimba yenyewe imejishika kwenye lile kovu la zamani na inalipasua taratibu kutoka ndani.

Ndiyo maana Kiragu alibeba nyundo.

Nje, mlango wa chuma ulikuwa umeteremshwa hadi usawa wa magoti. Aliyeuteremsha ni Wachira, kakake Wangeci, mwenye bucha Kangemi, mtu mwenye mikono ya kubeba ng'ombe mzima. Alikuwa amesimama mlangoni akiwapigia wapita njia kelele.

"Huyu mama anauza dawa feki! Dadangu anakufa hospitalini! Njooni muone!"

Wachuuzi waliacha mitumba. Wengine waliacha mizigo katikati ya barabara. Kufumba na kufumbua, watu walijaa.

Ndani, Kiragu alivuta pumzi ili apige pigo la pili. Hakupata nafasi.

Kutoka stoo ya nyuma alichomoka mzee Inderjit, babake Ravneet, kilemba kimelegea, mkononi ameshika ufito wa chuma wa kuvutia mlango. Mzee hakuuliza swali. Alimtwanga Kiragu begani, mfupa ukalia. Nyundo ikamponyoka.

"Toka dukani kwangu! Toka!"

Kiragu aligeuka na ngumi. Ilimpata mzee mdomoni. Wakaangukiana juu ya vioo, mmoja akitukana kwa Kipunjabi, mwingine kwa Kikuyu. Kiragu alikuwa na nguvu zaidi. Alimkalia mzee kifuani, vidole vikamzama shingoni. Kilemba kilifunguka kikatambaa sakafuni. Macho ya mzee yakaanza kutoka.

Ravneet aliokota nyundo.

Kisogo cha Kiragu kilikuwa wazi mbele yake. Aliona mahali pa kupiga. Kwa nusu ya pumzi alitaka kupiga hapo hapo na kumaliza.

Alipiga mgongoni.

Kiragu aliachia shingo ya mzee, akabiringika ubavuni, na kikohozi kikamshika. Hakikuwa kikohozi cha pigo. Kilimkunja kama mtu anayetapika, kikamng'ang'ania, kikamtoa machozi. Alipofuta mdomo, kiganja kilikuwa na makohozi yenye uzi wa damu.

Ravneet alimvuta babake hadi ukutani. Macho yake hayakutoka kwenye kile kiganja.

"Unakohoa hivyo tangu lini?"

"Usinibadilishie story!"

"Na Wangeci? Yeye pia anakohoa?"

"Alikohoa. Akapona." Kiragu alijaribu kuinuka, mguu ukateleza kwenye dawa iliyomwagika. "Alikunywa antibiotiki, akapona. Sasa ana mimba, wanataka kumpasua! Mimi nakuuliza habari ya vidonge vyako, wewe unaniuliza kikohozi?"

"Antibiotiki gani?"

"Antibiotiki ni antibiotiki!"

"Hapana!" Ravneet alipaza sauti kushinda kelele za nje. "Antibiotiki nyingi hazina shida na vidonge vya uzazi. Amoksilini haina shida. Dawa ya mkojo haina. Ya koo haina. Kina mama wanakuja hapa wakiogopa, mimi nawaambia wameze tu. Lakini kuna moja ni mbaya. Inaitwa rifampisini, ni dawa ya TB. Hiyo inaamsha ini, ini linachoma homoni za kidonge kabla hazijafanya kazi. Unameza kidonge kizima, lakini mwilini kinabaki jina tu."



Jiwe liligonga mlango wa chuma. Likafuatwa na jingine.

"Hizo antibiotiki hakununua kwangu," Ravneet aliendelea. "Ningemuuliza. Zilikuwa rangi gani?"

Kiragu alipangusa kiganja kwenye suruali.

"Zilikuwa rangi gani, bwana?"

"Nyekundu," Kiragu alisema polepole. "Kama tofali."

"Na mkojo wake? Ulibadilika?"

Wasomaji wangu, kuna maswali yanayoingia mwilini kuliko nyundo. Kiragu alimwona Wangeci akilini, amesimama mlangoni mwa bafu, kanga begani, akicheka kwa wasiwasi: Baba Ciru, mbona nakojoa kitu kama juisi ya karoti? Na akajisikia yeye mwenyewe akimjibu, bila kuinua macho kutoka kwenye simu: Ni antibiotiki tu. Inasafisha kifua.

Alijua rangi hiyo. Hata mkojo wake mwenyewe ulikuwa hivyo.

"Nani alimpa?" Ravneet aliuliza.

Fundi alitazama mikono yake.

"Ni wewe," mwanamke akasema. Hakuwa anauliza tena.

Ndiyo, alikuwa yeye. Kliniki ilimpima Kiragu ikamwambia ana kifua kikuu. Aliogopa. Aliwaza wateja wakiondoa magari gerejini. Aliwaza majirani wakinong'ona kwamba TB ya mtu mzima haiji peke yake, kwamba nyuma yake kuna UKIMWI. Akaficha dawa chini ya boneti la gari bovu. Kliniki ilipomwambia alete mke na mtoto wapimwe, alisema wako mashambani. Kisha Wangeci akaanza kukohoa. Badala ya kumpeleka kupimwa, Kiragu alikuwa akichomoa vidonge vyake, anamgawia nusu, anamwambia ameandikiwa na daktari rafiki yake.

Alidhani anamtibu. Alikuwa akimpenda hivyo.

"Mungu wangu," alisema. Akapiga magoti juu ya vioo, wala hakuonekana kuvisikia.

"Mungu utamwona baadaye," mzee Inderjit alifoka, damu ikimdondoka ndevuni. "Sikia nje!"

Nje walikuwa wakiimba.

"Choma! Choma! Choma!"

Kitu cha majimaji kilimwagwa chini ya mlango. Kilitambaa kwenye vigae, kikaingia katikati ya vioo. Harufu yake iliwafikia wote watatu kwa pamoja.

Petroli.

"Shemeji!" Sauti ya Wachira ilipenya. "Toka uje! Tunaichoma hii duka na feki zake! Toka haraka!"

Ravneet alitazama mlango wa stoo. Nyuma yake hapakuwa na njia, ukuta mtupu na madirisha ya nondo. Kiragu aliliona hilo. Aliona pia kwamba angeweza kutoka sasa hivi, kuteleza chini ya mlango na kunyamaza. Moto ungemaliza kila kitu. Wangeci angezikwa au angepona, na hakuna mtu angejua.

Sitawadanganya: aliliwazia hilo.

Kisha akateleza chini ya mlango, akasimama mbele ya umati, akainua mikono.

"Msichome! Sio feki!"

"Unasema nini?" Wachira alikuwa na kibiriti mkononi. Shati lake la bucha lilikuwa limetota jasho. "Si ni wewe uliniambia?"

"Nilikosea. Vidonge vyake ni vizuri. Ni mimi, Wachira."

"Wewe nini?"

"Mimi niko na TB. Nilificha. Dadako alipoanza kukohoa nilimpa dawa zangu, nikamwambia ni antibiotiki. Hiyo dawa ndiyo iliharibu vidonge. Huyu mama hana makosa. Mwenye makosa ni mimi."



Wachira alimtazama mume wa dadake kama anayetafuta mahali pa kumkata. Kibiriti kikaanguka. Ngumi yake ya kwanza ilivunja pua. Ya pili ilimwinua Kiragu kutoka ardhini. Kiragu hakujikinga.

"Ulimpa nini dadangu? Rudia! Ulimpa nini?"

Teke la mbavu. Teke la tumbo. Wachira alimshika kola akamgonga kichwa kwenye mlango wa chuma, na mlango ukavuma mtaa mzima. Umati uliokuja kuona damu haukujali ni ya nani. Mtu mmoja alileta ubao. Mwingine alimkanyaga vidole. Suruali ya Kiragu ilichanwa, kiatu kimoja kikatoweka. Jiwe lilimpata sikioni, dunia ikawa mlio mmoja mrefu.

"Mwizi!" mtu wa nyuma alipiga kelele, maana hakujua kesi ni gani.

"Tairi iko wapi? Leteni tairi!"

Ndipo mlango wa chuma ulipoinuliwa kwa kishindo. Ravneet alisimama pale, uso nusu mwekundu, simu mkononi.

"Wachira!" aliita. Alikuwa amelisikia jina likitajwa. "Mkimuua huyu, dadako anakufa!"

"Toka hapo, mama!"

"Nani ataambia daktari? Dadako anaingia kupasuliwa, si ndiyo? Wanataka kumlaza kwa mashine ya kupumua na hawajui mapafu yake yana TB! Hawajui amemeza dawa gani wala kwa muda gani! Wewe unajua? Mimi najua? Ni huyu peke yake anajua! Hospitali gani? Niambie hospitali!"

Mguu wa Wachira ulibaki hewani. Kisha akaushusha chini.

"Rudini nyuma," aliwaambia watu. Hawakurudi. Akamnyang'anya ubao aliyekuwa karibu, akaupiga kwenye nguzo hadi ukavunjika vipande. "Nimesema rudini nyuma! Huyu ni wangu!"

Wakarudi.

Wachira alimtajia hospitali. Ravneet aliipigia, akaongea kwa sauti ya haraka, kisha akapiga magoti na kumwekea Kiragu simu sikioni, lile lisilovuja damu. Kwa midomo iliyopasuka, fundi alimjibu Daktari Mwololo, aliyekuwa akijiandaa kumpasua Wangeci, kila kitu. Ndiyo, kifua kikuu. Ndiyo, alimpa kila siku. Kwa wiki kadhaa. Alianza kabla ya Wangeci kukosa siku zake. Hapana, hakuwahi kumwambia.

"Hata wewe umekuwa ukimeza nusu?" daktari aliuliza.

"Ndiyo."

"Basi umefundisha wadudu wa TB kuizoea dawa, ndani yako na ndani yake. Leteni huyo mtu hapa. Mzibeni mdomo kwa kitambaa."

Simu ikakatika. Ravneet alijifuta damu kwenye jicho.

"Nimekusaidia kwa sababu ya Wangeci," alimwambia Kiragu. "Umenikosa kichwa kwa inchi. Babangu amevunjika meno. Mkiondoka tu, napigia polisi."

"Piga," Kiragu alisema.

Wachira alimtupa nyuma ya pikapu yake ya kubebea nyama, ndani ya boksi la bati, akafunga mlango. Giza tupu. Kulabu zilining'inia juu zikigongana kila kona. Gari lilipofunga breki Kiragu alibiringika hadi ukutani. Lilipoondoka alibiringika hadi mlangoni. Alilia humo ndani kama mtoto, na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi hakuwa akimlilia mtu mwingine.

Hospitalini Hurlingham walimfunga barakoa kabla hajavuka mlango. Muuguzi alitaka kumkalisha amshone. Kiragu alimpita, akikokota mguu mmoja, hadi kwenye korido ya chumba cha upasuaji.

Kitanda cha Wangeci kilikuwa kinasukumwa. Uso wake ulikuwa wa kijivu, na yeye pia alikuwa na barakoa. Alimtambua mumewe kwa macho tu.

"Baba Ciru? Nani amekupiga?"

"Achana na hiyo. Nisikilize, Mama Ciru."

"Mimi nataka unisamehe," Wangeci alisema. Sauti ilikuwa ndogo. "Tangu asubuhi najiuliza ni siku gani nilisahau kidonge. Nimehesabu nikahesabu. Sikumbuki. Lakini lazima nilisahau."

Wachira, aliyesimama nyuma, aligeuza uso ukutani.

"Hukusahau," Kiragu alisema. "Hata kimoja. Ni zile dawa nyekundu. Hazikuwa za daktari rafiki yangu. Zilikuwa zangu. Mimi niko na TB, na nilikuambukiza, halafu nikakupa hizo dawa nikufiche. Ndizo zimeharibu vidonge. Dukani wameniambia."

 Muuguzi alitazama mlango, akatazama mfuko wa damu uliokuwa ukining'inia.

"Nilikuuliza," Wangeci alisema hatimaye. "Nilikuuliza mbona mkojo uko hivyo. Ulikuwa kwa simu."

"Ndiyo."

"Ningekuambia mimi niko na TB, ungeniacha?"

"Singekuacha."

"Basi mbona ulifikiri mimi ningekuacha?"

 

Kiragu aliinua mkono kumshika. Wangeci akauvuta wake chini ya shuka. "Nikiamka nisikukute hapa," alisema. "Na Ciru apimwe. Leo. Umesikia? Mtoto analala katikati yetu."

Kitanda kikasukumwa. Mlango ukajifunga.

Kuna kungoja kunakochosha kuliko kipigo. Wachira alikaa upande mmoja wa korido, Kiragu upande wa pili, chini sakafuni.  Mara moja Wachira aliinuka, akamwendea, akamshika koo kwa mkono mmoja na kumbana ukutani. Muuguzi alipiga yowe. Wachira alimwachia, akarudi kukaa, akaficha uso kwenye viganja. Mabega yake makubwa yakaanza kutikisika.

Mara mbili walipita watu wakikimbia na mifuko ya damu. Mara moja sauti ya Daktari Mwololo ilisikika ndani ikiita, "Bana hapo! Bana!" 

Hatimaye daktari alitoka. Alikuwa mwanamke mfupi, viatu vyake vya plastiki vimechafuka hadi vifundoni.

"Yuko hai," alisema.

Wachira alijitupa magoti na kuanza kuomba kwa sauti.

"Kovu lilikuwa limefunguka. Amepoteza damu nyingi. Kizazi sikuweza kukiokoa, nimekitoa. Lakini tungemlaza bila kujua habari ya mapafu, nadhani tungempoteza mezani." Alimgeukia Kiragu. "Mtu aliyeniambia ukweli kwenye simu ni wewe?"

"Ndiyo, daktari."

"Ungeusema mapema."

Akaondoka.

Kiragu alibaki ameketi. Yuko hai. Alirudia maneno hayo moyoni mara nyingi, akiyaonja. Wangeci hatazaa tena. Hatarudi kwake, labda. Lakini yuko hai, na hilo lilitosha kumfanya afumbe macho kidogo.

Alipoyafumbua, viatu vyeusi vilivyong'arishwa vilikuwa mbele yake.

"Wewe ndiye Kiragu wa gereji?" Alikuwa Koplo Ndeti, mpole wa sauti, pingu tayari mkononi. "Kuna mzee wa Ngara amelazwa, koo imefura. Na binti yake ameshonwa usoni. Wamekutaja. Simama polepole, bwana. Hapa ni hospitali, hatutaki fujo."

"Hakuna fujo, afande."

Alinyoosha mikono mwenyewe. Pingu zikalia. Wachira alitazama kama anayetazama mzigo ukipakiwa.

Walikuwa wamefika ngazini simu ya Kiragu ilipolia mfukoni mwa shati. Koplo aliitoa, akatazama kioo kilichopasuka.

"Selpher. Ni nani huyu?"

"Ni mama anayetulelea mtoto. Tafadhali afande, nilikuwa nataka kumwambia amlete Ciru apimwe."

Koplo aliwasha spika, akaishika simu mbele ya mdomo wa Kiragu.

"Selpher, hebu..."

"Baba Ciru!" Sauti ilipasuka ngazini, watu wakageuka. "Baba Ciru, mtoto! Ametoa zile dawa nyekundu za mama kwenye droo ya kitanda! Nilikuwa naanika nguo kwa balkoni! Ati anataka kupona kifua kama mama! Pakiti iko tupu, Baba Ciru, tupu!"

Kiragu aliikaribia simu.

"Anafanya nini? Selpher, anafanya nini sasa?"

"Anatetemeka! Macho yamegeuka juu! Meno ameyauma, siwezi kuyafungua! Ameacha, ameanza tena!"

Wachira alikuwa ameshafika. Alimpokonya koplo simu.

"Selpher, ni Wachira! Mbebe mtoto umlete! Shuka barabarani, simamisha gari yoyote!"

"Nashuka vipi?" Selpher alilia. "Mlango umefungwa! Baba Ciru alitufungia asubuhi! Alipiga kufuli kwa geti ya chuma, akasema hakuna mtu anatoka mpaka arudi!"

Ilikuwa kweli. Alipotoka na nyundo, kichwa kikiwaka, hakutaka majirani waingie wala habari itoke. Alifunga kufuli lile kubwa la gerejini, la chuma kizito, lisilokatwa kwa urahisi.

"Ufunguo!" Wachira alimgeukia, macho mekundu. "Lete ufunguo!"

"Mfuko wa kulia," Kiragu alisema. "Wa suruali. Afande, niachie mkono, mfuko wa kulia!"

Koplo Ndeti hakumfungua pingu. Aliuingiza mkono mwenyewe, haraka, hadi kiwiko kikakaribia kupotea. Akaupeleka huku na huku. Kisha vidole vyake vikatokea upande wa pili, juu kidogo ya goti la Kiragu, kupitia tundu lililochanwa na umati wa Ngara.

Mfuko ulikuwa mtupu.

Kwenye simu, kisigino kidogo kilikuwa kikigonga sakafu, kikigonga, kikigonga. Kisha kikanyamaza.